Kampuni Haifungwi Gerezani



Leo twataka kueleza jambo la sheria linalowagusa hata watu wa vijijini: kampuni ikikosa katika mambo ya kodi, ni nani atakayesimama mbele ya hakimu?

Yafaa kwanza kujua kampuni ni kitu gani. Katika sheria, kampuni huhesabiwa kuwa mtu mbali na wale walioiunda. Jambo hili lilithibitishwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1896, katika kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London. Salomon aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Kampuni ilipofilisika, ilitakwa alipe madeni yake kwa mali yake mwenyewe. Malodi wakahukumu kwamba deni lile ni la kampuni, si lake.

Lakini mtu huyu wa sheria hana mwili. Aweza kutozwa faini, wala hawezi kutiwa gerezani. Kama sheria ingalikoma hapo, kila mjanja angalijificha nyuma ya kampuni. Kwa hiyo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 yasema kwamba kampuni ikitenda kosa, kila aliyekuwa msimamizi wake wakati ule huhesabiwa kuwa ametenda kosa lile lile.

Na tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja wa Wambaa, kisiwani Pemba, aombwa na wageni wanaojenga hoteli pwani aandikwe mkurugenzi. Apewa bakhshishi kila mwezi, naye atia sahihi karatasi asizozisoma. Hoteli yaajiri vijana wa kijiji, yakata kodi katika mishahara yao. Kodi hiyo yapasa kufika kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania katika siku 7 baada ya mwezi kwisha. Badala yake fedha zanunuliwa mashua, na hesabu za uwongo zapelekwa.

Akiulizwa, mzee asema, "Mimi sikujua." Je, atapona? Sheria yataka mambo mawili pamoja: kwanza, kosa liwe limetendeka bila yeye kujua wala kuridhia, pili, awe ametumia uangalifu, bidii na ujuzi ambao mtu wa busara katika cheo kile angalitumia. Mzee analo la kwanza, hana la pili, kwani hakuuliza wala hakusoma. Wala haitamfaa kusema kwamba hakukata shauri lolote. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 yamhesabu msimamizi hata yule awezaye kushiriki katika mashauri makubwa ya kampuni.

Mwenzake aliyedai kuona stakabadhi kila mwezi, akadanganywa kwa stakabadhi za kughushi zilizofanana na za kweli, huyo ana la kujitetea.

Basi mwenye kuombwa jina lake na asome kila karatasi kabla ya kutia sahihi, adai stakabadhi za kodi, na akikatazwa kuziona, ajiuzulu kwa barua na kuweka nakala yake. Bakhshishi ya mwezi huliwa ikaisha, lakini sahihi hubaki katika karatasi.