Subaru ya turbo imekufa, sasa macho yako kwa mbuzi wa nyumbani

Nikuulize swali moja kabla hatujaenda mbali. Ile Subaru ya turbo uliyonunua, mtu akikurudishia pesa zako zote leo asubuhi, utarudi kuinunua tena? Kama umesita hata kidogo, kaa hapo tuongee.

Nina jamaa yangu wa Ngaremara, kwenye ile barabara kuu ukitoka Isiolo kuelekea Archer's Post. Sitamtaja, maana kwao habari husafiri haraka kuliko gari lake. Alinunua Forester ya turbo ya mwaka wa 2005 kwa 580,000 kutoka kwa broka Nairobi. Hiyo ilikuwa pesa ya miaka minne ya mjengo na bodaboda. Wiki tatu baada ya kufika nyumbani, gari likaanza kutoa moshi wa rangi ya samawati kila akiliwasha asubuhi. Fundi wa Isiolo akasema ni turbo, ikawekwa nyingine ya mtumba kwa 45,000. Siku kumi baadaye injini ikaanza kugonga kama mtoto anayepiga sufuria na kijiko.

"Mkubwa, hapa si turbo tena," fundi akamwambia. "Hii ni injini."

Bili ikaja kwa WhatsApp. Injini ya mtumba kutoka Japani 160,000. Mshipi wa taimingi na pampu ya maji 28,000. Redieta 15,000. Gasketi, oili na usafiri wa kuleta vitu kutoka Nairobi 17,000. Kazi ya fundi 20,000. Jumla 240,000.

Sasa fanya hesabu ya kwetu. Mbuzi mmoja ukimkadiria 6,000, hiyo ni mbuzi 40. Na si mbuzi wa kuchezea. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo huko kaskazini, na boma nyingi zilibaki na mifupa. Mama yake ndiyo tu ameanza kuona kundi lake likirudi. Nyumbani kuna mjomba amesema wauze mbuzi gari litengenezwe, kwa sababu gari ni mali. Mama hajasema kitu. Wewe unajua mama akinyamaza inamaanisha nini.

Kabla umcheke huyu kijana, kumbuka huu ugonjwa tumeurithi. Mwaka wa 1993 Patrick Njiru aliingia Safari Rally na Subaru Vivio, kagari kadogo kama kiberiti, na akamaliza. Mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda Safari na Impreza, na Richard Burns naye akashinda na Subaru mwaka wa 2000. Watoto waliokuwa kando ya barabara wakila vumbi siku hizo ndio baba zetu na mashemeji zetu leo. Mashindano ya dunia yaliporudi Naivasha mwaka wa 2021, sisi pia tukapata homa. Ile sauti ya injini ya Subaru, buru-buru-buru, mtu hahitaji kuangalia nyuma kujua ni nini inakuja.

Halafu kuna barabara yenyewe. Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500 za lami, na sehemu kubwa imenyooka kama rula. Ukiwa na turbo hapo na huna ngamia mbele yako, mguu unakuwa mzito wenyewe. (Ngamia huwa wapo, lakini. Na hawasikii honi.)

Si ati nachukia Subaru. Shida ni kwamba watu huuziwa gari, hawaambiwi kazi inayokuja nalo. Turbo ni kafeni kanakozungushwa na moshi wa injini kwa kasi ya kutisha, na kitu kikubwa kinachokalinda ni oili safi. Oili ikichelewa kubadilishwa inageuka kuwa tope. Tope likiziba njia, beringi za turbo zinakauka na kusagika, na vile vichembe vya chuma vinaingia kwenye oili ile ile inayozunguka injini nzima. Kwa hivyo ukiweka turbo nyingine bila kuosha mfumo wa oili, umebadilisha mgonjwa mmoja ukaacha sumu ndani ya nyumba. Sijui kama hicho ndicho kilichoua injini ya jamaa yangu, lakini nimemuuliza kama mfumo ulioshwa na akaniuliza, "Kuoshwaje?"

Mshipi wa taimingi nao ni hadithi nyingine. Kwa injini nyingi za Subaru za miaka hiyo unafaa kubadilishwa ukifika kama kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwenda. Sasa muulize broka ulibadilishwa lini. Ataanza kukuonyesha redio.

Na kumbuka umri. Sheria inakataza kuingiza nchini gari lenye zaidi ya miaka minane. Maana yake gari la 2005 unaloonyeshwa leo limekuwa kwenye barabara zetu zaidi ya miaka kumi, namba yake mara nyingi inaanza na KB, na limepitia mikono ambayo huijui. Mmoja wao alikuwa anafikiria yeye ni McRae. Na ilitengenezwa kwa ajili ya petroli ya Japani ya kiwango cha juu, yenye oktani karibu 100, siyo hii tunayonunua ya mia tano tano.

Sasa tuje kwa hesabu inayouma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kabla ya kumaliza uhasibu, lakini hii hata mwalimu wangu hakunifundisha, nilifunzwa na mitaa. Zile 580,000 zimeenda. Zile 45,000 za turbo zimeenda pia. Ukisema "nimeweka pesa nyingi sana siwezi kuacha sasa," unaongea na pesa ambayo haikusikii. Angalia tu iliyobaki mfukoni na kitu ulicho nacho mkononi.

Jamaa yangu ameulizia. Gari likitengenezwa vizuri, bei ya sokoni ni kama 520,000. Toa 240,000 za bili, zinabaki 280,000. Na kuna fundi mmoja wa Meru amesema atalichukua hivyo hivyo, limelala, kwa 290,000. Yaani kutengeneza ili uuze ni kupoteza shilingi 10,000 na usingizi juu yake. Tena hiyo injini ya mtumba haina garantii ya maana. Ukibahatika utapewa wiki mbili, na hizo zinaanza kuhesabiwa ikiwa bado kwa lori.

Kuna wanaomwambia aweke injini isiyo na turbo, ni bei nafuu. Inawezekana, wengi wamefanya. Lakini kuna nyaya, kompyuta ya gari na wakati mwingine giaboksi, na lazima mabadiliko ya injini yaingizwe kwenye rekodi za NTSA, la sivyo siku ya kuuza au ya kusimamishwa na polisi namba ya injini itakuaibisha. Fundi akikuambia "ni kutoa hii na kutia ile," mkimbie.

Kutengeneza kuna maana kama unataka kukaa nalo miaka mitano, una kazi inayolilipia mafuta, na pesa ya bili haitoki kwa mtu ambaye hajawahi hata kuliendesha. Hapo sina neno, tengeneza ufurahie. Jamaa yangu ana mawili ya kwanza nusu nusu. La tatu hana kabisa.

Kwa sasa Forester iko chini ya mgunga nyuma ya nyumba, kuku wamelala juu ya boneti. Yule fundi wa Meru anakuja Jumamosi na pesa taslimu. Jana usiku jamaa amenipigia simu kuuliza kama anaweza kutoa zile rimu za rangi ya dhahabu aziuze kando. Nikamwambia amuulize mnunuzi. Amemuuliza. Bila rimu ni 255,000.