Gari la mbio na mizani zake nne

Na MWANDISHI WETU

KILO moja na nusu tu. Huo ni uzani usiofika hata paketi moja ya unga wa ugali, lakini ndio uliompokonya dereva Mwingereza George Russell ushindi wa mashindano ya Formula One nchini Ubelgiji.

Ilikuwa Julai 28, 2024, katika uwanja wa Spa-Francorchamps. Russell alivuka mstari wa mwisho mbele ya mwenzake wa timu ya Mercedes, Lewis Hamilton, kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Gari lake lilipopimwa likiwa na petroli iliyosalia lilikuwa na kilo 798 barabara, ambacho ndicho kilikuwa kiwango cha chini kilichoruhusiwa. Petroli ilipotolewa, kama sheria ilivyotaka, mizani ilisoma kilo 796.5. Timu ilikubali kwamba ilikosea, na ushindi akapewa Hamilton.

Kisa hicho kilizungumzwa kote duniani. Hata hivyo, kuna upimaji mwingine wa magari ya kasi ambao hausikiki sana, na ambao kwa dereva una uzito zaidi kuliko huo wa waamuzi. Mwamuzi huuliza gari lina kilo ngapi. Fundi huuliza kilo hizo zimekanyaga wapi.

Msomaji aliyewahi kusafiri kwenda Mombasa bila shaka ameona malori yakipanga foleni kwenye mizani ya Mariakani. Pale hutazamwa uzani wa kila ekseli na jumla ya mzigo wote. Kwa gari la michezo hilo halitoshi. Kila gurudumu huwekewa mizani yake, na namba nne husomwa kwa pamoja.

Kwa nini nne? Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mafiga matatu, nayo, hayana wasiwasi: hata ardhi ikiwa na mabonde, chungu hutulia. Matatizo huanza mguu wa nne unapoongezwa. Mwanafunzi yeyote amewahi kukalia dawati linaloyumba darasani. Miguu miwili iliyokabiliana kwa mshazari hubeba uzito wote, nayo miwili mingine hupokezana kugusa sakafu. Ukikunja karatasi na kuiweka chini ya mguu mmoja mfupi, dawati hutulia.

Gari ni dawati ambalo miguu yake ni springi. Tofauti ni kwamba springi hunyooka na kubonyea, kwa hivyo hakuna gurudumu litakaloonekana likining'inia hewani. Yote manne yatagusa lami, gari litaonekana limekaa sawa kabisa, na kumbe magurudumu mawili yanakanyaga kwa nguvu na mawili yanapapasa tu. Jicho haliwezi kuliona hilo, hata liwe la fundi wa miaka 30.

Tuchukue mfano wa gari la michezo lenye injini nyuma, ambalo pamoja na dereva lina kilo 1,200. Mizani zinasoma hivi: mbele kushoto kilo 250, mbele kulia 230, nyuma kushoto 346 na nyuma kulia 374. Ukijumlisha upande kwa upande, kushoto ni 596 na kulia 604, na kwa kuwa dereva ameketi kulia, mtu angesema gari hili halina kasoro. Lakini jumlisha kwa mshazari. Mbele kushoto na nyuma kulia ni kilo 624. Mbele kulia na nyuma kushoto ni 576. Hapo ndipo kasoro ilipojificha.

Dereva wa gari hilo atalalamika kwamba ana magari mawili katika bodi moja. Akikata kona ya kulia, uzito hukimbilia kushoto, gurudumu la mbele kushoto ambalo tayari lilikuwa na mzigo wa ziada huelemewa, na gari hukataa kugeuka. Akikata kona ya kushoto, gurudumu la nyuma kulia ndilo huelemewa, na mkia hutaka kumpita. Akikanyaga breki kwa ghafla, gurudumu la mbele kulia lenye mzigo mdogo hujifunga kwanza na kuanza kuteleza. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa huenda asitambue lolote. Katika 160, hayo ndiyo mambo yanayotenganisha dereva na ukuta.

Kazi ya kusawazisha ni ya subira. Sakafu lazima iwe sawa kama maji, maana mizani moja ikiinuka hata kidogo, namba zote ni uongo. Matairi hujazwa upepo kwa kipimo kinachotakiwa, petroli huwekwa kiasi cha kawaida cha safari, na kwenye kiti hukaa dereva mwenyewe au magunia ya mchanga yenye uzani wake. Stabilaiza, kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, hufunguliwa upande mmoja ili kisivute mzigo kwa siri. Kisha gari husukumwa mbele na nyuma na kubonyezwa ili springi zitulie.

Baada ya hapo ndipo spana huingia. Magari mengi ya mbio huwa na kikombe chenye nyuzi kama za skurubu ambacho springi hukalia. Fundi akikizungusha kupanda, springi hiyo hubanwa na kona hiyo hubeba zaidi. Lakini, na hapa ndipo wanafunzi wa fizikia wanapotabasamu, kona iliyokabiliana nayo kwa mshazari hubeba zaidi pia, kama vile ile karatasi chini ya mguu wa dawati. Ndiyo sababu fundi stadi hagusi kona moja tu. Huzigusa zote nne kidogo kidogo, mbili zikipanda na mbili zikishuka, ili kimo cha gari kisiharibike.

Gari letu la mfano likimaliza matibabu hayo litasoma kilo 238 na 242 mbele, 358 na 362 nyuma. Mishazari yote miwili sasa ni 600. Angalia lakini: mbele bado ni 480 na nyuma 720, kushoto 596 na kulia 604, kama mwanzo. Spana haikuhamisha kilo hata moja kutoka mbele kwenda nyuma wala kutoka kushoto kwenda kulia. Anayetaka kuhamisha hizo lazima ahamishe vitu vyenyewe: betri, tangi au kiti. Waliounda McLaren F1, gari lililozinduliwa 1992, waliamua kumketisha dereva katikati kabisa na abiria wawili nyuma yake, mmoja kila upande.

Wakenya wenye umri wanaikumbuka Porsche 911, gari la Kijerumani lenye injini nyuma ya ekseli ya nyuma. Björn Waldegård wa Uswidi alimaliza wa pili nalo katika Safari Rally ya 1974, nyuma ya Joginder Singh wetu, naye Vic Preston Junior akashika nafasi hiyo hiyo mwaka wa 1978. Magari ya 911 ya miaka hiyo hayakuwa na springi za kuzunguka bali vyuma vilivyosokotwa. Kwa mbele, marekebisho hufanywa kwa bolti moja kila upande. Nyuma ni kazi ya jasho.

Si lazima kila mtu atake mishazari iwe sawa. Kule Marekani, katika mbio za NASCAR, viwanja vingi ni vya mviringo na gari hugeuka kushoto tu mchana kutwa. Mafundi huliacha likichechemea kwa makusudi, na gari linapoingia kubadilishiwa matairi utamwona mmoja wao akipitisha spana ndefu dirisha la nyuma ili kubana au kulegeza springi.

Sisi wa barabara za kawaida, zenye kona za kushoto na za kulia, hatuna sababu ya kufanya hivyo. Nasema haya kwa sababu kuna vijana mjini wanaokata springi kwa moto wa gesi ili gari likae chini na kupendeza. Msumeno au moto hauna mizani. Mzunguko mmoja ukikatwa zaidi kwenye kona moja, mwenye gari amejitengenezea lile dawati la darasani, na atalijua siku ya mvua akikwepa mtu kwenye barabara kuu. Kama ni lazima kulishusha, afadhali zinunuliwe springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, na baadaye alaimenti ya magurudumu ikaguliwe. Hata gari la mbio, likishasawazishwa, hurudishwa kwenye alaimenti, kwa kuwa kimo kikibadilika magurudumu nayo hubadilisha mwelekeo.

Na hata kazi ikifanywa vyema namna gani, sawa hiyo ni ya mtu mmoja. Dereva wa kilo 70 akishuka na kumpa usukani kakake wa kilo 110, namba zote nne hubadilika kabla injini haijanguruma.