Pembe za giza kwenye picha za muhogo

Wandugu, ukipiga picha ya shamba la mihogo hapa Nyangwe, kando ya Lualaba, pembe zinakuwa giza na matuta yanapinda. Lenzi njo inafanya vile: mwanga wa pembeni unafika kidogo kuliko wa katikati. Kwetu waagronomu ni hatari. Madoa ya njano ya mozaiki yanafifia, mmea mgonjwa unauhesabu mzima, kesho unapanda miti yake.

GIMP, programu ya bure, ina kichujo cha kunyoosha upotofu wa lenzi. Kipimo chake cha mwanga hakifanyi kazi kama vipimo vya mpindo viko sifuri. Na usikate picha kwanza! Kichujo kinahesabu toka katikati. Ukishakata upande mmoja, katikati imehama, itabidi uisogeze mwenyewe kwa X na Y.