Kwenu ni Kibondo: Utaonyeshaje kuwa ni Mtanzania?

Mtu wa Kumsenga, Kibondo, akienda kuomba kitambulisho cha taifa au pasipoti, ajiandae kwa maswali. Baba yako kazaliwa wapi? Babu je? Kaburi lake liko kijiji gani? Wenyeji wa mikoa ya katikati ya nchi huulizwa hayo mara chache. Bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na kufungua akaunti ya benki kunakuwa shida, kwa hiyo ni vizuri kujua maswali haya yanatoka wapi.

Kwanza ni lugha. Kiha na Kirundi vinaelewana bila mkalimani, na zipo koo zenye jina moja pande zote mbili za mpaka. Muhambwe, Buyungu na Heru zilikuwa himaya za Waha kabla wakoloni hawajachora mstari wao. Halafu wakaja wakimbizi: 1972, 1993, 2015. Kambi ya Nduta iliwekwa Kibondo, Nyarugusu Kasulu. Ofisa Uhamiaji hawezi kumtambua Mtanzania kwa lafudhi wala kwa jina la ukoo. Na wewe ukimwambia "mimi ni Muha", bado hujajibu swali lake. Kabila si uraia.

Sheria yenyewe inaangalia nini? Msingi ni tarehe 9 Desemba 1961. Kwa kifupi, aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake angalau mmoja naye akawa amezaliwa Tanganyika, siku hiyo aliamka raia. Uraia huo ndio ulioshuka kwa watoto na wajukuu. Ndiyo maana kijana wa 1998 anaulizwa habari za wazazi wa babu yake: babu kazaliwa 1938, basi inatakiwa ijulikane baba yake huyo babu, au mama yake, alizaliwa upande gani.

Angalia hilo neno "au mama". Kwa Waha ukoo hufuata baba, na wengi hudhani uraia nao ni hivyo hivyo. Sivyo. Sheria ya Uraia ya 1995 inamhesabu mama sawa na baba. Kama baba alivuka mpaka mwaka 1972 na mama ni mzaliwa wa Kasulu, tafuta nyaraka za mama.

Cheti cha kuzaliwa peke yake hakitoshi. RITA husajili vizazi vya nchini, hata vya wakimbizi, kwa hiyo cheti kinasema ulizaliwa wapi na wazazi ni nani, basi. Kinahitaji wenzake: cheti cha darasa la saba cha baba, kadi ya kliniki, kadi ya zamani ya mpiga kura. Kitu ambacho watu husahau ni daftari la ubatizo. Misheni kongwe kama Kabanga huko Kasulu zilianza kuandika watu kabla ya uhuru, tena pamoja na majina ya wazazi.

Majina nayo yana visa vyake. Zamani mtoto wa Kiha alipewa jina lake mwenyewe, si la baba, kwa hiyo kwenye karatasi baba na mwana wanaonekana kama hawahusiani. Wilaya pia zimebadilika: Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu, mwaka 2012. Karatasi ya mama ikisema Kibondo na yako Kakonko, huenda ni kijiji kile kile. Eleza mapema, usingoje uulizwe.

Wenzetu wa mbali wana njia nyingine. Ukitaka kuwa raia wa taifa la Cherokee lililoko Oklahoma, Marekani, lazima uonyeshe kwa vyeti kwamba unatokana moja kwa moja na mtu aliyeandikwa kwenye orodha ya Dawes, ya 1898 hadi 1906. Hadithi za bibi hazikubaliwi, wala kipimo cha DNA. Mwaka 2017 mahakama iliamua kuwa hata wazao wa watumwa wa Cherokee walioandikwa humo wana haki hiyo.

Sisi hatuna orodha ya namna hiyo ya mwaka 1961. Orodha yetu ni wazee. Wao ndio wanaojua nani alikuwa na shamba wapi kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, na makaburi gani yalibaki kwenye mahame. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya uhuru sasa amepita 80.

Kumrekodi kwa simu ni vizuri, lakini ofisini sauti si hati. Nenda naye kwa mtendaji wa kijiji, maelezo yaandikwe na kugongwa muhuri, kisha aape kiapo mbele ya wakili au hakimu angali na nguvu za kutembea.