Rangi ya barabara kwenye gari: tuiogope thina kwanza

Gari likikanyaga mstari mbichi wa barabara, tairi huokota rangi na kuirusha ndani ya madigadi, chini ya milango na hadi kwenye bampa la nyuma. Mwenye gari hugundua jioni, rangi ikiwa imeshakauka. Kinachofuata huwa kile kile: kijana wa kuosha magari anatumwa thina, kitambaa kinaloweshwa, mkono unasugua. Madoa yanatoka, na pale yalipokuwa panabaki ukungu usioondoka hata kwa polishi. Lawama zote hubebeshwa rangi ya barabara, na nadhani tunaionea. Sehemu kubwa ya uharibifu huo huletwa na haraka yetu, na ushahidi umo ndani ya rangi yenyewe.

Ushahidi huo ni shanga za kioo. Rangi ya mistari, iwe ya maji, ya thina au ile ya plastiki inayoyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, kwa kawaida huenda na punje za mviringo za kioo, nyingi zikiwa chini ya milimita moja. Nyingine huchanganywa humo humo, nyingine humwagwa juu mstari ukiwa haujakauka. Kinachotakiwa ni punje izame kupita nusu kidogo na kichwa kibaki nje. Ikizama mno mwanga hauifikii, na ikizama kidogo mno matairi huing'oa. Mwanga wa taa za gari ukiingia kwenye punje hupinda, hugonga rangi iliyo nyuma yake, kisha hurudi ulikotoka, kwa dereva. Ndiyo maana mstari huwaka usiku katika barabara isiyo na taa hata moja. Ni ufundi wa kupendeza mno, na watu wachache sana wanajua kwamba wanaukanyaga kila siku. Lakini punje hizo hizo zikiwa ubavuni mwa gari, chini ya kitambaa kinachosuguliwa kwa nguvu, huwa msasa. Kioo ni kigumu kuliko klia, lile tabaka angavu la juu linaloilinda rangi ya gari, na klia ya kiwandani kwa kawaida ina mikroni 40 hadi 50 tu, pungufu ya unene wa unywele.

Tena rangi hii imetengenezwa ili ishike lami, uso wenye mashimo na makwaruzo inamojipenyeza ikajikita. Ubavu wa gari ni laini, na ukiwa umepakwa nta unateleza, kwa hiyo hapo rangi inashikilia kwa shida. Fundi rangi anayeijua kazi yake huanzia kwenye udhaifu huo. Hashiki kitambaa. Huuliza kwanza gari limechafuka lini, kwa sababu rangi ya maji hukauka juu ndani ya dakika chache lakini hukomaa polepole, na siku ile ile maji ya presha peke yake yanaweza kuondoa sehemu kubwa. Siku zikishapita, hupaka mafuta ya mgando juu ya kila doa, kwa unene, akaliacha mpaka kesho yake. Dawa hiyo rahisi inajulikana mbali: idara kadhaa za barabara za majimbo ya Marekani huwashauri madereva vivyo hivyo. Doa likishalainika husukumwa kwa ukucha au kipande cha plastiki, likabanduka pamoja na shanga zake. Hapo hufuata maji mengi, na kitambaa huja mwisho, punje zikiwa zimekwisha ondoka. Linalong'ang'ania hurudiwa mafuta, au hupakwa dawa ya kuondolea lami. Rangi ya njano ina sababu ya ziada ya kutopigwa msasa mkavu: kwa miaka mingi njano ya barabarani ilitengenezwa kwa kromati ya risasi, na vumbi la risasi ni sumu.

Atakayepinga atasema thina inafanya kazi, ameona kwa macho yake. Inawezekana, kama ilikuwa juu ya rangi ya kiwandani. Rangi hiyo huokwa kwenye tanuri mpaka ikafungamana, na thina ikiigusa kwa sekunde chache yaweza kuvumilia. Lakini ni magari mangapi ya mijini kwetu yenye rangi ya kiwandani mwili mzima? Mengi huja yakiwa yametumika Japani, hugongwa, hunyooshwa, hupulizwa upya gereji, mara nyingine kwa rangi ya bei nafuu isiyotiwa hadina, dawa ya kuigandisha rangi. Rangi ya namna hiyo ilikauka kwa thina kuruka tu, basi thina ikirudi nayo inarudi kuwa majimaji. Fundi hupima kwa tone moja kwenye kitambaa cheupe, mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, chupa ya thina inafungwa. Hata gari ambalo halijawahi kuguswa lina taa za mbele za polikaboneti, plastiki ambayo thina huiletea nyufa ndogo ndogo.

Pingamizi la muda lina uzito zaidi, hasa kwa dereva wa teksi anayepeleka hesabu kila siku. Ila mafuta ya mgando hayazuii gari kutembea, na rangi iliyo ndani kabisa ya madigadi haimdhuru mtu yeyote. Iachwe.

Gharama ndiyo ngumu: nani alipe? Mkandarasi aliyechora mstari atasema koni zilikuwepo, dereva ataapa hakuiona hata moja, na koni zenyewe huondolewa mstari ukishakauka. Picha za magurudumu na za mstari uliokanyagwa, zikipigwa papo hapo, zinaweza kuonyesha gari lilipita wapi. Kama kulikuwa na kitu cha kulizuia lisipite, picha hizo hazisemi, na gereji hudai pesa yake kwa aliyeleta gari.