SAA MOJA YA BOARDMAN

Chris Boardman wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki ya Barcelona 1992, aliendesha baiskeli kilomita 56.375 kwa saa moja mjini Manchester mwaka wa 1996. Mwaka wa 2000, papo hapo Manchester, akafika 49.441 tu! Uzee? Alikuwa na miaka 32. Kumbe wakuu wa mchezo walikuwa wameamua rekodi itafutwe kwa baiskeli ya kawaida, kama ya Mbelgiji Eddy Merckx mwaka wa 1972. Ile ya 1996 ilimlaza kifudifudi, mikono imenyooshwa mbele, upepo usipate pa kumshika. Merckx alikuwa amefika 49.431. Boardman akampita kwa mita kumi. Ati mita kumi! Kisha akastaafu, mifupa yake imekwisha dhoofishwa na maradhi.