Mgono Utazame Wapi?

Mvua za kwanza zikinyesha kusini mwa Maniema, kambare huacha mkondo na kuingia nyasini. Vijito vinavyoishia Luama na Lualaba hufurika, majani yaliyokauka tangu Juni hulowa, na samaki hao hupanda usiku hadi kwenye maji mafupi kutaga. Mayai hunata kwenye nyasi, na baada ya siku moja au mbili huwa yameanguliwa. Maji yakipungua, wazazi na watoto hurudi mtoni.

Mvuvi wa Kasongo au Kabambare anayetega mgono hana budi kujua samaki wanakwenda au wanarudi. Mdomoni mwa mgono mna fito nyembamba zilizochongoka, zimeelekezwa ndani: samaki huzisukuma akapita, akigeuka zinamchoma. Ukitegwa maji yakipanda, mdomo ukitazama mtoni, unanasa majike wenye mayai tumboni. Ukitegwa maji yakishuka, mdomo ukitazama bondeni, unanasa samaki waliokwisha kuzaa. Kitoweo ni kile kile, ila mtego wa kwanza unakula na samaki wa mwaka ujao. Chandarua kilichoziba kijito kizima ni kibaya zaidi, kwani hakibakizi hata vifaranga.

Jambo jingine husahaulika. Kambare ana kiungo nyuma ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Katika maji ya kinamasi, yenye oksijeni haba, mgono uliozama wote humuua kabla ya asubuhi. Ukiachwa mgongo wake nje ya maji, samaki hukutwa hai, na kambare hai haozi njiani kuelekea sokoni.

Lualaba yenyewe ina mambo yake. Pale Luama inapoingia, mahali alipofika msafiri Stanley Oktoba 1876, mto ni mpana na mgono hautoshi. Huko ndiko anakoishi mbenga, aliyeelezwa kisayansi na Boulenger mwaka 1898: meno 32 kama visu, urefu unaopita mita moja, uzito unaoweza kufika kilo 50. Hujibanza kando ya maji ya kasi akisubiri samaki wadogo waliochoshwa na mkondo. Mshipi wa nailoni anaukata kwa pigo moja, kwa hiyo kati ya mshipi na ndoana huwekwa kipande cha waya. Kinywa chake ni mfupa mtupu. Ndoana butu huteleza, na akiruka juu huitema. Tupa iwe mtumbwini, ndoana inolewe kila inapogonga jiwe.

Na wavu ukitolewa gizani, usipapase. Yumo samaki mnene asiye na magamba wala pezi la miiba mgongoni, anayeweza kupiga umeme wa volti 350. Hauui mtu mzima mwenye afya, lakini unaweza kumwangusha majini. Mwangaze kwa tochi kwanza, kisha umtoe kwa kijiti kikavu.